Senge Berita na Njaa ya Klorini

Waliokuwepo nyuma ya jiko letu asubuhi ile ni hawa: mama yangu Dorika, dada yangu Muhonja aliyekuwa bibi harusi, Senge Berita, yaani dada yake baba, Felista wa Malava, aliyekuwa binamu yake mama na mwenye nguo, na mimi, mdogo wa wote, nimeshika birika la maji. Naanza na majina kwa sababu harufu ya klorini ikinipata hata leo, ile inayochoma pua na kuacha ulimi kama umelamba chuma, huwa naona watu kwanza kabla ya kuona nguo.

Nguo yenyewe ilikuwa ya harusi, pamba nyeupe. Felista aliolewa nayo, akatuazima Muhonja naye aolewe nayo, kisha irudi Malava, maana mdogo wake Felista alikuwa anaingojea. Mama aliianika karibu na migomba ili isipate vumbi la uani, akasahau kwamba mkungu ulikuwa umetoka kukatwa pale. Utomvu ukadondokea kifuani. Mnaujua utomvu wa ndizi: ukiwa mbichi ni kama maji tu, ukikauka ni kama kahawa iliyoungua, na sabuni hauisikii. Harusi ilikuwa kesho yake. Muhonja alilia mpaka akanyamaza mwenyewe.

Senge alikuwa mfuaji wa mashuka ya misheni. Alikuja na mikebe miwili ya unga wa klorini, mmoja wa zamani aliouzoea, umebaki kidogo chini, na mwingine mpya, haujafunguliwa.

"Mulamwa, weka kijiko kimoja kama vile unawekanga," mama akamwambia wifi yake.

"Kijiko kinapimanga sukari," Senge akajibu. "Huyu tunampima njaa."

Njaa ndilo neno lake la makali ya klorini, sijalisikia kwa mwingine. Alikoroga kijiko cha kila unga katika glasi yake, akaacha maji yatulie, akachukua wino wa shule na unyoya wa kuku. Glasi ya unga wa zamani ilimeza tone la kwanza, rangi ikapotea; baada ya matone machache tu, maji yakabaki ya bluu. "Huyu ameshiba haraka," akasema. "Kila siku nafungua mkebe, hewa imemmaliza." Glasi ya unga mpya ikapewa wino. Ikameza. Akaongeza, ikameza tena, na tena, maji meupe kama hakuna kilichoingia, mpaka Felista akainuka kwenye jiwe alilokalia.

"Mliniomba nguo ya kuvaa," akasema. "Hamkuniambia mtaipika."

"Ndiyo maana namlisha wino kwanza, asile nguo yako," Senge akamjibu, bila kugeuka.

Akaniita na birika. Alikoroga kijiko kingine cha unga mpya kwenye sufuria, nikaongeza maji, akateka glasi moja akaionja kwa wino, nikaongeza, akateka nyingine, akaonja, mpaka ule mpya ukashiba pale pale uliposhibia wa zamani, ambao alijua hauumizi pamba. Hapo ndipo akatengeneza maji ya beseni kwa kipimo hicho na kuitumbukiza nguo. Utomvu ukalegea, ukawa rangi ya chai hafifu. Mama akataka makali yaongezwe kidogo tu, doa liishe kabisa. Senge akaitoa nguo, akaisuuza. "Hiyo iliyobaki shada la maua litaifunika. Tundu halifunikwi."

Siku hizi jiki, klorini ya chupa, iko kwenye kila duka, na wakwe zangu wanaimimina kwa kunusa tu. Mjukuu wangu Lavenda, anayetibu maji ya kunywa kule Mautuma, ana vikaratasi: anachovya, anatazama rangi, anasoma namba. Nilimuuliza hiyo dawa yake ina njaa kiasi gani. Akacheka, lakini akanionyesha. Ni kazi safi, inashinda wino, kwa sababu wino ulisema kali au hafifu, basi. Ila mkono wake unasubiri rangi itulie kabla hajasema neno, na mkono wa namna hiyo niliuona kwa Senge peke yake.

Kama kuna mtu wa nyumba ya Felista anayesoma haya, anirekebishe pale nilipokosea, pengine hata binamu hakuwa binamu. Lakini kwamba nguo ilirudi Malava nzima asinibishie. Niliibeba mimi, na mdogo wake akaipokea mlangoni, akaiinua juani kutafuta tundu, akakosa.