Kitabu cha Wachawi Nyumbani kwa Mama Mkubwa

Mwanangu, iko Jumamosi moja ya usichana wangu ambayo haijanitoka moyoni. Nilikuwa mgeni Marekani, nikiishi Riverdale Park kwa Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, mjane aliyehudumia wazee majumbani mwao. Binti yake Tumaini alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwaka ule alikuwa amenyamaza. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, neno moja tu, kisha anajifungia chumbani na kitabu chake kinene.

Siku hiyo mama mmoja wa kanisani alikuja kutusalimia, akakiona kile kitabu kwenye kochi. Jaladani kulikuwa na vijana wanne wenye viganja vinavyowaka.

"Dada, huu ni uchawi. Kitupe," akamwambia Mama Mkubwa.

Nami nikakichukua haraka, nikaelekea kwenye pipa la taka.

"Rehema, umekisoma?" akauliza Mama Mkubwa.

"Hapana, Mama."

"Sasa unatupa nini? Keti. Nisomee."

Mgeni alipoondoka, nikakaa jikoni nikisoma na kutafsiri, yeye akikata mchicha. Mwanangu, mwandishi yule alikuwa fundi! Hatari haikuja kwa kishindo. Ilianza na taa za mtaa mmoja kuzimika, kisha mtaa wa pili, na katika kila sura ilizidi kusogea. Wale vijana wachawi walikosea, wakagombana, wakalia, lakini hawakuachana. Vita vya mwisho, nilivyovifikia siku za baadaye, vilirefushwa mno, hilo nalisema. Yaliyobaki sikutaka kuyaacha.

Siku hiyo tulikuwa bado katika sura za mwanzo mlango wa chumbani ulipofunguka.

"No, Dada Rehema! Hajaogopa hapo, amekasirika!"

Tumaini alikuwa amesimama nyuma yangu, akisahihisha tafsiri yangu kwa Kiswahili ambacho sikujua bado anacho. Tukaendelea naye. Tukafika pale msichana mmoja mchawi anapowaambia wakubwa kwamba kuna kitu kinamfuata, nao wanamwambia aende akalale.

"Hii ndiyo part narudia kila siku," akasema taratibu.

Mama Mkubwa akaweka kisu chini. "Kwa nini hii, mama?"

Ndipo akatueleza. Wasichana wakubwa walikuwa wanamngoja kila anaposhuka basi la shule. Walimsukuma, wakamvuta nywele, wakaahidi kumfanyia vibaya zaidi.

"Nilianza kukwambia, Mama. Ukasema umechoka."

Mama Mkubwa alimkumbatia kwa mikono yake ile ile iliyolowa. "Nisamehe. Leo nimesikia."

Jumatatu hakwenda kazini, alikwenda shuleni. Wazazi wa wale wasichana wakaitwa, na kwa muda mrefu baadaye tulimpokea Tumaini kituoni kwa zamu, mimi au mama yake. Hawakumgusa tena. Naye akaanza tena kutusimulia siku yake, mpaka tukawa tunamwomba apumue kwanza.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimwona mtoto wako amezama katika hadithi usiyoielewa, usiogope jalada. Keti naye, isome, umuulize ni wapi panapomgusa. Na akianza kukueleza jambo, hata mwili uwe umechoka namna gani, msikilize mpaka amalize.

Mungu akupe masikio mapana na moyo usio na haraka, na wanao wasikose kamwe mtu wa kuwaamini. Amina.