Mjomba Anasema Nisubiri Salfa Iishe

Admin, jina langu naomba ulifiche. Natumia simu ya somo yangu, mama aliyenifunda unyagoni, maana mume wangu ana kitochi tu, na hapa kwa somo hafiki. Nina miaka ishirini na tisa, nina binti wa darasa la pili, naishi kwa mume huku juu Newala. Kwetu ni Masasi.

Mume wangu ananipiga. Nimeandika kwa kifupi kwa sababu hata kulia siku hizi silii. Mara ya mwisho alinibamiza ukutani kisa maharage yameungua, na mimi pale chini nilikuwa nawaza nimeacha ndoo wazi, kuku watachafua maji. Maji huku tunanunua. Nilipoinuka nikafunika ndoo. Najiogopa, maana sisikii kitu.

Nikaenda kwa mjomba, kwetu yeye ndiye mwenye kauli. Nikamwonyesha mkono. Akautazama sana, kisha akasema, "Pole mpwa wangu. Lakini mumeo ndiye anayetupulizia dawa ya salfa mikorosho yote, na mashine ni yake. Tukimuudhi sasa maua yatakauka. Subiri salfa iishe, nitamwita tukae."

Nikamuuliza, "Mjomba, na mimi nikiisha kabla ya salfa?"

Akaniambia niache maneno ya mikosi. Akanipa muhogo wa kupika, nikaubeba nikarudi.

Somo anakaa kijiji cha jirani. Nilidhani atanikumbusha kwamba ya chumbani hayatoki, maana ndiye aliyenifundisha. Akasema, "Nilikufunda kumsitiri mumeo, sikukufunda kuficha majeraha." Siku hizi nikienda kwake na tenga la makopa ya muhogo, chini ya makopa kuna gauni la mtoto, kanga, cheti chake cha kuzaliwa. Anavihifadhi yeye.

Mwanzo nilitaka nisingizie msiba wa kwetu. Somo akanicheka: "Msibani mkwe lazima aje. Tena atakubeba yeye mwenyewe kwa pikipiki yake!" Basi tukachagua unyago. Jumamosi somo anakwenda Masasi kumtoa mwali, na unyagoni mwanaume hakanyagi wala haulizi. Nitaondoka naye mchana kweupe, mimi na mwanangu, nimeshaaga, na mume wangu amekubali. Tukifika tunapitiliza polisi, dawati la jinsia. Somo amekwishaongea na mama mmoja wa pale, anatusubiri.

Tatizo ni mjomba. Mama yangu alishafariki, mjomba ndiye kwetu. Nikiondoka bila kumwambia, nitakuwa mtu asiye na pa kurudi. Nikimwambia, namjua, atampigia simu mume wangu ili wayamalize, na mimi niko bado ndani mwake. Somo anasema mjomba atanielewa korosho zikishauzwa. Labda.

Juzi tulikuwa tunakula, mimi na mwanangu. Pikipiki ya baba yake ikasikika kwa mbali. Mtoto akaacha ugali, akavaa viatu vya shule, akafunga kamba vizuri, akarudi kukaa mkekani.

Nikamuuliza, "Unakwenda wapi, mama?"

Akasema, "Nakusubiri wewe."

Hapo ndipo nilisikia kitu, kifuani, na mpaka sasa hakijatoka. Leo Alhamisi. Dada zangu, kaka zangu, nielekezeni kabla ya Jumamosi: nimwambie mjomba, au na mimi nivae viatu?