Springi ya Pikipiki ya Mzee Muindi

Kilonzo alikuwa mtu wa kuchimba matuta. Huko Kalama, ukiona shamba la mteremko ambalo udongo wake haujabebwa na mvua, huenda alipita hapo na sururu yake. Aliipenda kazi hiyo kwa sababu haina maneno mengi. Unaonyeshwa mpaka, unainama, jioni unaenda zako. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na bado mtu akimwita ghafla sokoni alishtuka kama mwizi.

Kwa hivyo watu walishangaa mama mkwe wake, Mutanu, alipompa pikipiki ya marehemu mumewe. Mzee Muindi alikuwa amezunguka nayo vijijini miaka thelathini akichanja ng'ombe. Ilikuwa Honda ya zamani, tangi lake jekundu limepauka likawa rangi ya matofali. Tangu mzee azikwe, miaka miwili sasa, ilikuwa imesimama tu chini ya magunia. Mwana wa kwanza wa nyumba hiyo, Wesley, anayefanya kazi kiwandani Mavoko, alitaka iende kwa wanunuzi wa vyuma. Mama yake akakataa. Wakabishana mpaka wakapatana hivi: Kilonzo aichukue aifufue, na kama Jumapili ya mwisho wa mwezi itafika kabla haijanguruma, Wesley atakuja na pikapu aibebe, na hakuna atakayemzuia.

Sasa ilikuwa imebaki siku moja tu. Vijana wa bodaboda pale senta walikuwa wamemsafishia kabureta na kumwekea plagi mpya.

"Sasa badilisha oili tu, mzee, ndio upige kiki," mmoja alimwambia. "Hiyo iko ndani imekuwa uji."

Kilonzo alitaka kuuliza oili humwagwa kupitia wapi. Lakini vijana walikuwa saba na walikuwa wakicheka kwa sauti, ingawa si yeye waliyemcheka. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua, akanunua lita moja ya oili, akaisukuma pikipiki hadi nyumbani.

Asubuhi ya Jumamosi alijilaza chini yake. Aliona nati kadhaa, na spana yake ilishika moja tu, ile kubwa ya upande wa kushoto. Akaona hiyo ndiyo. Mkewe, Loise, alichuchumaa pembeni akishikilia karai.

"Hiyo ni karai yangu ya kufulia," alisema.

"Nitaiosha."

"Utanunua ingine."

Nati ilikaza, ikalia, kisha ikaachia yote kwa mara moja. Oili nyeusi ikamwagika ikimpitia Kilonzo kwenye kiganja hadi kwapani, naye akafumba macho. Alipoyafumbua, karai lilikuwa limeshika oili na nati ilikuwa mkononi mwake. Alijisikia fundi kabisa.

Mutanu alikuwa tayari amesimama nje ya ua na mkebe wa rangi mtupu. Oili chafu ndiyo dawa ya mchwa, na kila mwenye nguzo Kalama huiomba. Alikuwa ameingoja hiyo tangu aliposikia kwamba pikipiki itafunguliwa. Hakuingia. Yeye na Kilonzo walikuwa bado wanashika ile heshima ya athoni, ya mkwe na mama mkwe: hawasalimiani kwa mikono, hawaketi chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja hushuka kando na kutazama mahindi. Nyumba nyingi zimeiacha siku hizi. Hawa wawili waliishika kwa miaka ishirini na mitatu, na ukweli ni kwamba iliwafaa wote, maana hata bila mila wasingejua la kuambiana.

Loise alimimina oili kwenye mkebe, akampa mama yake, kisha akajifunga kitambaa akaenda kusafisha kanisa na wamama wenzake. Simu yake aliiacha kwenye chaji.

Kilonzo alipokuwa akiosha karai ndipo akaona kitu kimegandia chini: chujio dogo la waya, kama la chai. Akaichukua ile nati kubwa akaitazama vizuri. Ndani yake kulikuwa na duara linalong'aa, lililochimbika taratibu kwa miaka mingi. Kitu cha mviringo kilikuwa kimekaa hapo, kikisukuma. Springi. Akatafuta kwenye majani kwa magoti, akapekua mchanga kwa vidole, akakung'uta hata shati lake. Kisha akaketi akatazama upande wa boma la mama mkwe.

Angeweza kumngoja Loise, lakini Loise angerudi jioni, na mkebe ule ulikuwa unakwenda kwenye nguzo. Akavaa shati safi. Akalivua, akavaa lile chafu, kwa sababu lile safi lingeonekana kama amekuja kuoa tena.

Alimkuta Mutanu kwenye zizi jipya la mbuzi, brashi mkononi, nguzo tano zimeshapakwa. Mkebe ulikuwa mtupu, umelazwa chini. Kilonzo alisimama mbali, akageuza uso, akakohoa. Mama mkwe naye akageuka akatazama zizi. Hatimaye Mutanu akamsemesha mbuzi wake mweupe.

"Wewe mbuzi, muulize huyo mtu kama kuna mgonjwa."

Kilonzo alimtazama mbuzi. Mbuzi alikuwa anatafuna.

"Mbuzi," akasema polepole, "mwambie hakuna mgonjwa. Ni kitu imeanguka kwa ile oili. Springi. Mimi ndio niliiangusha, sikuona."

"Iko na urefu gani?"

"Sijawahi kuiona."

Bega la Mutanu lilitikisika kidogo. "Mbuzi, mwambie oili iliyobaki nilimwaga kwa shimo la ile nguzo ya kona. Kisha nikaisimamisha nguzo, nikashindilia mawe. Nimetoa jasho."

Kilonzo aliitazama nguzo. Ilikuwa imenyooka vizuri, kazi safi ambayo yeye mwenyewe asingeona cha kurekebisha. Kumwomba mtu mwingine angoe nguzo yake ni jambo zito. Kumwomba mama mkwe ni jambo la kukufanya uhame kata. Lakini kesho ilikuwa Jumapili.

"Mbuzi," alisema, "mwambie nikiacha, Wesley ataibeba."

Mutanu aliweka brashi chini, akaingia nyumbani, akatoka na jembe na mtarimbo, akaviegemeza kwenye ua, akaenda kukaa kwenye kigoda, mgongo wake kwa zizi, akaanza kutoa mbaazi maganda.

Basi Kilonzo akawa kwenye kazi anayoijua. Alitoa jiwe moja moja, akayapanga kwa mfuatano ili yarudi yalivyokuwa. Akaing'oa nguzo akailaza. Tope la chini lilikuwa jeusi na zito, naye akalichota kwa mikono, konzi kwa konzi, akilisugua kati ya vidole kama mtu anayechambua mtama. Kwenye konzi ya kumi na kitu, kidole chake kikapita ndani ya duara.

"Mbuzi, iko hapa."

"Mwambie aioshe na petroli, sio maji," Mutanu alisema haraka. "Halafu ailete hiyo pikipiki hapa. Akifungia huko kwake ataweka kinyume. Muindi mwenyewe aliwahi kuweka kinyume, akalala huko Kola na ng'ombe za watu."

Kilonzo alisahau mbuzi. "Mama, unajua vile inakaa?"

"Mbuzi," Mutanu akasema kwa ukali mdogo, "mwambie miaka thelathini ni nani alikuwa anashika tochi."

Pikipiki ikasukumwa ikaletwa, ikasimamishwa kando ya zizi. Kilonzo akalala chini yake, na maagizo yakaanza kuja kupitia kwa mbuzi, ambaye sasa alikuwa amelala na kufumba macho. Chujio kwanza, mdomo wake ukitazama juu. Kisha springi. Kisha nati, ianzwe kwa vidole, isilazimishwe, ikikataa itolewe ianzwe tena. Ilikataa mara mbili. Mara ya tatu ikashika.

"Mwambie akaze na spana, lakini si kwa nguvu ya matuta. Hiyo ni aluminiamu. Muindi alikuwa anakaza mpaka nyama ya mkono ianze kusimama, basi."

Kilonzo alikaza mpaka hapo, akaacha. Akamimina oili mpya, ya rangi ya asali, akaweka kifuniko. Akapiga kiki. Hakuna kitu. Akapiga tena, mara nane, mara kumi na mbili. Jasho likamwingia machoni. Nyuma yake, sauti ya maganda ya mbaazi ilikuwa imenyamaza.

"Mbuzi, mwambie avute choki. Hata mimi nilisahau."

Kiki ya kumi na tatu ikakohoa. Ya kumi na nne ikashika, moshi wa bluu ukatanda zizi lote, na mbuzi akaruka juu akalia. Injini ikayumba, ikatafuta pumzi, kisha ikatulia kwenye mdundo wake, mzito, wa pole, ule ambao kijiji chote kiliwahi kufungulia mageti.

Mutanu alikuwa amesimama. Bila kugeuka, alitoa kabambe yake, simu ndogo ya vitufe, kwenye kitambaa cha kiunoni, akabonyeza, akarudi kinyumenyume hatua chache hadi karibu na ekzosi, mkono wa simu umenyooshwa nyuma.

"Wesley," alipaza sauti kuushinda mngurumo. "Sikiza."

Akaishikilia hapo muda mrefu. Kisha akairudisha sikioni.

"Ndio, ni hiyo. Hapana, hakuna fundi. Ni mume wa dada yako. Kesho kuja tu, na uje na hiyo pikapu, uniletee mawe na mchanga. Kuna nguzo imeng'olewa hapa." Akasikiliza. "Haikuhusu ni nani ameing'oa."

Akafunga simu. Kilonzo alikuwa amenyoosha mkono kuizima injini ili asiharibu petroli.

"Mwambie asizime," Mutanu alisema, na safari hii hakutaja mbuzi. "Aache kidogo."

Kilonzo akauondoa mkono. Wakasimama hivyo, kila mmoja akitazama upande wake, pikipiki ikinguruma katikati.