Mishale ya Kuazima

Walisema sitaweza. Mtu wa diploma, walisema pale kijijini karibu na Idodi, jembe litamshinda, na upinde ndiyo kabisa. Mimi nilijisomesha kilimo Mbeya kwa hela ya kuchimba dhahabu Makongolosi, bila mjomba wala shangazi. Nikarudi, na mwaka wa kwanza mpunga wangu uliwapita wote. Hilo hawalikatai hata leo.

Asubuhi ile Masanja, mfugaji, alileta maziwa kama kawaida.

"Kamwene, bwana diploma! Mpunga wako unanukia, ng'ombe wangu hawalali."

"Waambie wakasome kwanza."

Alicheka. Sikuwa na chombo kisafi, akaniachia kibuyu chake. "Utanirudishia kesho."

Mchana mifugo ya watu wengi iliingia mashambani. Mkulima mmoja alikatwa panga, yowe likapigwa. Kwetu yowe likipigwa, mwanamume hutoka na upinde kama walivyotoka mababu, asiyetoka hahesabiwi. Mimi sikuwa nao. Nikaazima upinde na mishale miwili kwa mjane jirani, na mshale mmoja kwa baba mdogo. Huo wake ulizungushiwa ngozi kwenye chembe, ile ncha ya chuma.

"Unaujua huu?" baba mdogo aliuliza.

"Baba, mimi nimesoma."

Nilidhani ngozi ni kinga ya kutu. Nikaivua.

Wafugaji walikuwa ng'ambo ya mfereji, vumbi limewafunika.

Mishale ilipita juu yetu. Mmoja ulichoma tope karibu na mguu wangu.

Nikavuta. Nililenga mguu wa aliye mbele, nimtishe tu.

Nikapata. Nikajisifu kwa sauti, wote wakasikia.

Alipogeuka alikuwa Masanja, fimbo mkononi. Alikuwa akiwarudisha ng'ombe nyuma.

Jeraha lilikuwa dogo, la kufunga kwa kitambaa. Lakini ngozi ile ilikuwa imefunika sumu, ya kuwindia nguruwe pori. Hakufika zahanati.

Sikukana. Nilifungwa, nikatumikia kifungo chote, nikarudi tena. Hata hilo walisema sitaweza. Wakati huo wakulima na wafugaji walikuwa bado wanauana, na wanauana mpaka leo.

Siku moja nilizunguka kuwalipa wote walioniazima. Mjane alipokea upinde na mishale yake. Kwa baba mdogo nilipeleka mshale mpya wa mhunzi. Aliuweka chini bila kuutazama.

Mwisho nikaenda kwa mke wa Masanja na kibuyu, nimekisugua kikang'aa. Alikipokea kwa mikono miwili, akachungulia ndani.

"Alisema utakirudisha kesho yake," akasema.