Kifua cha Flor Alba

Flor Alba Suesca, mkamua maziwa wa Boyacá, huko Kolombia, na mwendesha baiskeli wa mashindano, alikuwa ameanguka tena mlimani, na safari hii alizinduka na hasira za kuvunja vyombo.

Kocha wake, Don Eliécer, alikuwa anamnywesha maji ya sukari guru. Kule milimani mwendesha baiskeli akizimia, ana njaa, basi, hakuna anayeuliza zaidi.

"Hukula, wewe binti!"

"Nimekula mayai, viazi na mkate, kocha! Ulitaka nile na sahani? Kifua ndicho kinabana!"

Zahanati walimpima umeme wa moyo akiwa amejilaza kitandani, wakakuta safi. Eti ni wasiwasi wa kike. Wasiwasi! Mtu anapigwa teke na ng'ombe alfajiri na bado anamkamua!

Akagoma. Hapandi baiskeli mpaka apigwe picha ya moyo. Don Eliécer, mwenye shindano Jumapili, alimpeleka Bogotá akinung'unika njia nzima.

Daktari wa picha, mama mwenye mvi, aliuzungusha ule moyo kwenye skrini.

"Mshipa huu unaoulisha moyo umeota upande usio wake, ukapita katikati ya mishipa mikubwa miwili. Ukitulia, hauna neno. Ukipanda mlima unabanwa, moyo unakosa damu. Umezaliwa nao, mwanangu. Ni nadra, lakini unaua. Baiskeli basi, mpaka upasuliwe."

"Jambo nadra hivyo, nani angejua?" Don Eliécer alisema, akiikunjakunja kofia yake.

"Nilikwambia kifua! Kifua, si tumbo!"

Ndipo Flor Alba alipomkumbuka Ferney, mwenzao aliyekata roho mazoezini mwaka juzi, akazikwa bila kupimwa chochote. Makaburini Don Eliécer alimwambia mama wa marehemu, Doña Hermencia, kwamba kijana alitoka nyumbani bila kula. Tangu siku hiyo yule mama, kwa kujilaumu, hatii kitu kinywani asubuhi.

"Ferney alikuwa akilalamika nini?"

Kocha alitazama sakafu. "Kifua."

Flor Alba alitaka kumzaba kibao. Akachukua koti lake.

"Twende kwa mama yake. Utamwambia wewe."

"Nimwambie nini? Hatujui kama na yeye alikuwa na..."

"Hivyo hivyo. Mwambie hujui. Mwambie hata siku ile makaburini ulikuwa hujui."