Wageni Sitini wa Semina

Nilikuwa mtunza stoo wa hoteli moja pale Mpanda, mwaka ambao mvua zilikata barabara ya Sumbawanga. Lori lililokuwa likituletea viazi, vitunguu, mayai na mchele lilikwama ng'ambo ya daraja lililobomoka. Dereva akanipigia simu kuniambia nisimtegemee wiki hiyo. Siku nne mbele tulikuwa tunapokea wageni sitini wa semina, watakaolala na kula kwetu siku tano.

Meneja alinisikiliza akiwa amesimama. Hoteli ilikuwa imepitia miezi mibaya, vyumba vingi vikikaa vitupu, na semina ile ndiyo aliyoitegemea kuinua jina letu. Alisema kama sina chakula cha uhakika, itabidi awaambie waandaaji watafute kwingine.

Nilizunguka soko lote. Kila muuzaji naye alikuwa anasubiri malori. Ndipo nikamkumbuka mama mmoja wa Mishamo aliyekuwa akituletea maharage mara mojamoja, gunia moja au mawili juu ya basi. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye lafudhi ya Kirundi, na sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya kuulizana habari za safari. Nilimpigia, nikaanza kumsomea orodha. Akanikatiza.

"Orodha iweke kando kwanza, mwanangu. Niambie ni watu wangapi, na watakula siku ngapi."

Nikamwambia. Akauliza kama wamo wazee, kama wapo wasiokula nyama, kama asubuhi wanapenda uji. Kisha akasema tutaonana Jumatano kabla ya saa sita mchana. Meneja aliponiuliza nina uhakika gani, nilimwomba anivumilie, akakubali shingo upande.

Jumatano saa nne nikasikia pikipiki. Nilitoka nikidhani ni mbili au tatu, kumbe zilikuwa zinaingia getini moja baada ya nyingine mpaka uani pakajaa. Maharage na mihogo vilitoka Mishamo, vitunguu na nyanya Kabungu, mchele Majimoto kwa wifi yake. Mayai yalikuwa kwenye ndoo, yamepangwa tabaka kwa tabaka ndani ya pumba za mpunga. Yeye alishuka kwenye pikipiki ya mwisho, kitenge kimejaa tope, akaja moja kwa moja kunionyesha mayai mawili yaliyopata ufa, kabla hata sijaanza kukagua. Miaka yangu yote ya stoo sikuwahi kuona mzigo kama ule ukifika umetimia, bila karatasi hata moja.

Meneja aliingiza mkono kwenye gunia la mchele, akanusa. Akaenda mwenyewe kumletea yule mama kiti.

Semina ilikwenda vizuri. Wageni waliomba yale maharage siku tatu mfululizo, na kabla ya kuondoka waandaaji wakaweka nafasi ya semina nyingine mbili. Vyumba vikaanza kujaa. Meneja akanituma Mishamo nikalione ghala la yule mama, ili tuingie naye mkataba.

Ghala halikuwepo. Alinipitisha nyumba kwa nyumba. Hapa kuku wanataga sana sasa, hapa mihogo itakuwa tayari baada ya wiki tatu, hapa mwenye nyumba amefiwa, asiombwe kitu mwezi huu. Nilimuuliza yote hayo ameyaandika wapi. Akasema walipokuwa bado wakimbizi, mama yake ndiye aliyewagawia majirani chakula, na hakujua kuandika.

"Mimi nilijifunza kwake kuwajua watu," alisema. "Ukishawajua watu, chakula unajua kilipo."

Nilitembea nyuma yake taratibu, kama mtu aliyeingia kanisani.

Mkataba tuliusaini hotelini mwezi uliofuata. Tulipofika penye jina la muuzaji, alikataa tuandike lake peke yake. Akataja wanawake thelathini na mmoja, mmoja mmoja, bila kusita, na mimi nikaandika mpaka karatasi ikajaa.