Mtu Aliyeuchosha Mkono wa Yeuri

Mín Tavárez alikuwa na miaka sitini na mitatu mwaka tuliochukua ubingwa wa mkoa, na hakuna mtu Hato Bonito aliyeupenda mchezo wa besiboli kuliko yeye. Nalisema hilo mwanzoni ili mtu asije akadai nimemwonea. Yeye ndiye aliyeumwagilia uwanja maji kila alfajiri. Yeye ndiye aliyechora mistari ya chokaa, akiwa amepiga magoti, bila msaidizi. Siku aliyomzika mkewe, makaburini alitoka saa tano, na saa kumi alikuwa uwanjani akisimamia mazoezi, viatu vyake vya mazishi vimejaa vumbi jekundu. Watu wa mji husimulia habari hiyo kama sifa. Mimi sijawahi kuiona sifa yenyewe.

Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari mpaka kilipofungwa. Ujanani alikuwa mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira. Kuna mechi moja dhidi ya Los Jobos ambayo wazee hawaachi kuitaja: mechi ya duru tisa iliyokataa kupata mshindi, ikafika duru ya kumi na saba, na Mín akarusha zote, kuanzia watu walipotoka misani hadi mpira ulipokuwa hauonekani tena kwa giza. Alishinda. Hakurusha tena maishani mwake, kwa maana mkono wake wa kulia haujanyooka tangu siku ile. Mtu mwingine angejifunza kitu hapo. Mín naye alijifunza, ila alijifunza kinyume: kwamba mwanamume ni yule asiyeomba kutolewa uwanjani.

Basi huyo ndiye tuliyempa timu, tukamwachia miaka ishirini na miwili.

Mimi nilikuwa nafundisha hesabu sekondari, nimerudi kutoka chuo kikuu, na nilipewa daftari la mechi kwa sababu, kama alivyosema Mín mwenyewe, nilikuwa mtu pekee mjini anayeweza kuhesabu hadi mia bila kuomba bia katikati. Niliandika kila kitu, pamoja na idadi ya mirusho ya kila mrushaji. Safu hiyo ya mirusho Mín aliichukia.

"Profesa," aliniambia mara ya kwanza alipoiona, "unahesabu mirusho au unachambua maharage?"

"Nahesabu mikono ya watu, Mín."

"Kila mtu ana miwili. Hesabu imekwisha."

Benchi zima lilicheka. Nami nilicheka, na hilo najilaumu.

Mwaka ule tulikuwa na warushaji watatu wa kuanza mechi. Mmoja alikuwa Chago Peguero, wa mkono wa kushoto, mtaratibu, mcheshi. Mwingine Nelfi, fundi baiskeli, ambaye hakuwa na kasi lakini alikuwa na akili. Na alikuwapo Yeuri Mercedes.

Yeuri alifanya kazi ya kufyatua matofali ya saruji. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na kwetu, ambako wavulana husajiliwa na klabu za kulipwa wakiwa na kumi na sita, mrushaji wa ishirini na mmoja ameshaanza kuitwa babu. Lakini yeye alichelewa kurefuka, na kasi yake ilikuja ghafla, mwaka mmoja tu, hadi akafika maili tisini na nne kwa saa. Wakala wa klabu moja ya kulipwa alisikia habari zake, akamwita kwenye majaribio mjini, Alhamisi inayofuata fainali yetu. Nafasi ya kwanza na, kwa umri ule, ya mwisho. Kila mtu alijua. Mín alijua kabla ya wote, kwa kuwa alikuwa padrino wa Yeuri: ndiye aliyemshika siku ya ubatizo, na wazazi wa kijana walikuwa compadre wake, jambo ambalo kwetu lina uzito kupita udugu wa tumbo moja.

Fainali dhidi ya Los Jobos ilikuwa ya mechi tatu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Mrushaji aliyemaliza mechi anahitaji siku nne za kupumzika. Mtoto wa darasa la tatu hapa kwetu anajua hivyo.

Ijumaa alianza Yeuri. Kufikia duru ya sita tulikuwa tunaongoza nane kwa moja. Nilimwendea Mín, nikamwambia amtoe, mechi tumeshaipata.

"Mwache apate joto," alisema.

Yeuri alimaliza duru zote tisa. Mirusho mia na ishirini na saba, na hamsini ya mwisho haikuwa na kazi yoyote duniani.

Jumamosi alianza Chago. Alimpa mpigaji wa kwanza kituo bure, na wa tatu pia. Mín alitoka kwenye kibanda cha wachezaji akaenda kumnyang'anya mpira mbele ya mji mzima baada ya wapigaji watano. Mirusho ishirini na miwili. Nelfi aliitwa, akarusha duru zote zilizobaki mpaka ulimi nje, tukapoteza nne kwa tano. Kwa hiyo siku moja Mín alimdhalilisha mrushaji mmoja na kummaliza mwingine, akabaki na sababu ya kumtaka wa tatu. Nadhani alikuwa ameshamtaka tangu Ijumaa.

Jumapili nilifika uwanjani mapema. Mín alikuwa kibandani anaandika orodha, Chago amekaa mwisho wa benchi anafunga kamba za viatu.

"Leo ni Chago," nilisema. "Jana hakutumika. Mkono wake mzima kabisa."

"Chago ana moyo wa kuku," alijibu bila kuinua kichwa.

"Niko hapa hapa, Mín," Chago alisema. "Nasikia."

"Basi sikia vizuri."

"Hata kuku humwachi atage? Unamtoa kiotani wapigaji watano tu?"

"Ukitaga nitakuita."

Nilisoma jina kwenye karatasi: Yeuri Mercedes. Nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu wa umri wake. Nilimwambia huu si ushujaa, ni uroho. Nilimtajia Alhamisi.

"Alhamisi iko mbali," Mín alisema. "Leo Jumapili. Halafu kijana mwenyewe hajalalamika. Ngoja umsikie kwa kinywa chake."

Yeuri aliingia wakati ule ule na begi begani. Alifanya kama alivyofanya kila siku tangu alipojua kusema: alivua kofia na kuinamisha kichwa.

"Nibariki, padrino."

"Mungu akubariki, mwanangu. Mkono vipi?"

Hebu fikiria. Mtu ameshakuwekea mkono kichwani, jina la Mungu bado liko hewani kati yenu, ndipo anakuuliza kama uko tayari. Utamjibu nini?

"Upo, padrino."

Mín alinigeukia. "Umesikia, Profesa?"

Nilisikia. Na najua kwamba yeye aliamini kweli kuwa amepewa jibu. Hapo ndipo hasira yangu inapokwama hadi leo. Hakuwa mwongo. Alimuuliza mtoto wa ubatizo mbele ya watu swali lenye jibu moja tu, akalipokea jibu hilo kama ushahidi, na sote tuliokuwa pale, tuliolelewa kwa baraka hizo hizo, tulilipokea pamoja naye. Hata baba yake Yeuri, don Tulio, aliyekuwa ameegemea uzio hatua tatu tu kutoka pale, alitazama pembeni.

Duru tano za kwanza Yeuri alirusha kwa akili, kwa kuwa kasi hakuwa nayo. Ya sita alianza kuukung'uta mkono kila baada ya mrusho, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Bolo, mdakaji wetu, alirudi kibandani na barakoa mkononi.

"Mín, mpira wake leo unakuja kama barua ya serikali. Naungoja mpaka nasinzia."

"Wewe kazi yako kudaka, usihutubie."

"Nadaka. Nakwambia tu ninachodaka."

Nilimwekea Mín daftari magotini. Mirusho tisini na sita. Alilisukuma, likaanguka kwenye maganda ya karanga.

Mashabiki wa Los Jobos walikuwa wameshaona. Mzee mmoja mwenye sauti ya kengele alipaza kutoka ng'ambo: "Mín, mruhusu kijana akalale, kesho ana matofali." Mwingine akadakia: "Huyo haendi kufyatua tena, mmeshamfanya tofali lenyewe." Watu wakacheka pande zote mbili. Kwenye benchi letu hakucheka mtu.

Duru ya nane, tukiongoza tatu kwa mbili, Los Jobos waliweka watu wawili vituoni. Mín aliinuka, akatembea polepole hadi kwenye kichuguu cha mrushaji. Chago alikuwa ameanza kupasha mkono moto bila kuambiwa, pale karibu na uzio, anarusha na kutazama, anarusha na kutazama. Nilisema moyoni, haya sasa, amemwona. Mín alimshika Yeuri bega, akamwambia jambo, akampigapiga shavu. Halafu akarudi kibandani peke yake.

"Umemwambia nini?" nilimuuliza.

"Nimemwambia mama yake anamtazama."

Tulishinda tatu kwa mbili. Mpigaji wa mwisho alipokosa mpira wa tatu, uwanja ulifurika watu, Mín akanyanyuliwa mabegani, analia kama mtoto, na mimi naamini machozi yale yalikuwa ya kweli. Yeuri alibaki juu ya kichuguu akiwa amekibana kiwiko chake tumboni. Nilifunga hesabu: mia na thelathini na moja. Jumla mirusho mia mbili hamsini na minane kwa siku tatu. Niliiandika kwa kalamu nyekundu, kana kwamba wino ungemsaidia mtu.

Alhamisi nilimsindikiza mjini. Kiwiko kilikuwa kimevimba hadi mkono wa shati ukakaza. Nilimwomba aseme ukweli, aombe siku nyingine. Alisema mtu wa miaka ishirini na mmoja haombi siku nyingine. Wakala alikuwa bwana mpole mwenye kofia ya majani na kile kifaa cha kupimia kasi. Yeuri alirusha mara kumi na moja. Ya kwanza maili themanini na tatu. Ya kumi na moja haikufika kwa mdakaji.

"Unaumwa, kijana?"

"Hapana, bwana."

"Mara ya mwisho ulirusha lini?"

"Jumapili. Tulichukua ubingwa."

"Na kabla ya Jumapili?"

"Ijumaa."

Wakala alimtazama, kisha akanitazama mimi, mtu mzima niliyekuja naye, kwa namna ambayo ningependa ingemfikia Mín mwenyewe. "Hongera kwa ubingwa," alisema, akaita jina linalofuata.

Daktari alituambia kano ya kiwiko imechanika. Inatengenezeka, kwa upasuaji na mwaka mzima na zaidi wa kungoja, ambao klabu huwagharamia vijana ambao zimeshawasajili. Yeuri hakuwa wa klabu yoyote.

Jumapili iliyofuata Mín alikuja kula chakula cha mchana nyumbani kwa compadre wake, kama alivyofanya Jumapili zote tangu afiwe. Mimi nilikuwapo kwa kuwa don Tulio alitaka nimsomee karatasi za daktari. Mín alileta mpira wa fainali, umesainiwa na timu nzima, akauweka mezani mbele ya Yeuri. Alipokwisha kumbariki, alivuta kiti.

"Madaktari hao," alisema. "Hata mimi waliniambia hivyo hivyo. Mpake mafuta ya moto usiku, mfunge kitambaa cha sufu. Mashindano ya taifa ni wiki mbili kutoka sasa. Yeuri, utaanza, lakini duru tano tu. Sitakuzidishia."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Mín, mkono wake umechanika. Umechanika. Mirusho mia mbili hamsini na minane."

"Mimi nilirusha duru kumi na saba."

"Ukawa nini? Tuambie hapa mezani. Baada ya duru hizo kumi na saba ulikuwa nini?"

"Profesa, heshima," don Tulio alisema kwa sauti ya chini. "Hii ni nyumba yangu na huyu ni compadre wangu."

Mín hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi mzito. "Wewe umesoma," alisema. "Mambo mengine hayamo vitabuni."

Doña Mireya, mama yake Yeuri, alitoka jikoni na sufuria ya wali. Hakuwa amesema neno lolote juu ya jambo hili tangu Ijumaa ile ya kwanza, wala hakuna aliyemuuliza. Alimpakulia mumewe, akanipakulia mimi, akampakulia mwanawe, akamwekea maharage na kipande cha mbuzi, akamkatia nyama vipande vidogo. Kisha akafika kwa Mín. Aliichukua sahani tupu iliyokuwa mbele yake, akachukua na uma wake na glasi yake, akavipeleka jikoni, akarudi.

"Compadre," alisema, "wali umekwisha."

Sufuria ilikuwa katikati ya meza, nusu imejaa, inafuka mvuke. Sote tuliitazama. Mín aliitazama kwa muda mrefu kuliko sisi. Don Tulio alifungua mdomo, nikajua anataka kuomba radhi kwa niaba ya nyumba yake, kwa kuwa jambo kama hilo halijawahi kufanyika mbele ya macho yangu wala ya baba yangu. Alimtazama mkewe, akaufunga.

Mín aliinuka, akatafuta kofia yake ambayo ilikuwa mkononi mwake. Mlangoni alisimama akiwa ametugeuzia mgongo, akingoja kuitwa. Tulisikia kuku nje, na redio ya jirani.

Yeuri alisogeza sahani yake kuelekea sufuria.

"Mama," alisema, "niongezee."

Doña Mireya akamwongezea.